Nilimwambia muuza mabegi "jirani ananiuzia 18,000" na haikuwa kweli. Hii ni kupatana bei au ni dhambi?

MamaWawili_Ipagala
Wakuu, salaam. Jumamosi nilikwenda soko la machinga Barabara ya Bahi, hapa Dodoma, kumtafutia mwanangu begi la shule. Nikaliona moja la bluu, zipu tatu, mikanda minene. Kijana akasema 30,000. Mimi nikataja 15,000. Akashuka mpaka 25,000, akagoma hapo. Basi nikatoa maneno ambayo nimeyasikia kwa mama yangu tangu utotoni: "Mwenzako wa pale kona ananipa hilohilo kwa 18,000, ila nimependa ulivyonikaribisha."

Wa kona sikuwa nimemuuliza chochote. Niliona tu ana mabegi yanayofanana na haya.

Kijana hakunijibu. Aligeuka akaita kwa sauti: "We! Kumbe hizi unaachia 18? Si tulikubaliana tusishuke chini ya 22?" Wa kona akaapa kwamba hajaongea na mimi. Huyu akamuuliza, "Kwa hiyo mama ndiye anadanganya?" Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa nimemshika mkono mtoto wa darasa la tatu. Nikasema, "Labda sikusikia vizuri." Kijana akanitupia begi: "Lete 18, kama ndiyo bei yenu." Nikalipa nikaondoka, nyuma yangu wanarushiana maneno. Kumbe mzigo waliuchukua pamoja, walichanga mtaji.

Ndani ya daladala mtoto akaniuliza: "Mama, yule kaka wa kona tulimuuliza saa ngapi?"

Sijalala vizuri. Naombeni mawazo yenu. Je, uongo wa sokoni ni uongo?

Chuma_AreaC
18 kwa zipu tatu? Mama umenunua, hongera. Wengine tumepigwa 28 kwa zipu mbili.

MzeeWaMakole
Binti yangu, usijitese. Yule kijana alipokwambia 30,000 alijua fika kwamba si 30,000. Yeye alianza na lake, wewe ukamaliza na lako. Nimenunua vitu Majengo tangu soko hilo likiwa dogo, sijawahi kuona muuzaji anataja bei ya kweli kwanza. Kupatana ni kama bao, kila mtu anaficha kete zake, na akishafungwa anainuka anakwenda zake bila kinyongo.

Ustadh_Changombe
Asalaam alaykum. Mzee wangu wa Makole, kwa heshima, hapo umechanganya mambo mawili. Muuzaji akisema "nataka 30,000" anasema anachokitaka, na kutaka si uongo. Angesema "mimi mwenyewe nimeinunua 27,000" wakati ameinunua 14,000, huo ndio ungekuwa uongo. Dada hapa hakusema "nataka kwa 18,000". Alitoa habari kuhusu mtu wa tatu, na habari hiyo haikuwepo. Sura ya Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wanaotaka kipimo kamili wanapopokea, na wanapopima kuwapa wengine wanapunguza. Onyo lile huwa tunamsomea muuza mchele peke yake, tunasahau kwamba linaanza na anayepokea.

Neema_Mpwapwa
Na sisi Wakristo tuna Mithali 20:14. Mnunuzi anaiponda bidhaa, haifai haifai, akishaondoka nayo anajisifu. Kwa hiyo jambo ni la kale.

MezaNamba_Sina
Mimi ndiye mnayemjadili. Si yule kijana, ila nauza mabegi na viatu vya shule, mwaka wa sita sasa. Niwaambieni mambo yalivyo upande wa huku.

Mzigo tunaufuata Kariakoo. Nauli ya kwenda na kurudi, gharama ya gunia, mtu wa kubeba, ushuru, chakula. Begi la 14,000 likifika Dodoma limeshakuwa 16,000 na zaidi kidogo. Ukinilipa 18,000 nimepata, siwezi kukudanganya kwamba nimekula hasara. Ila kwa siku nzima naweza kuuza mabegi matatu. Piga mwenyewe hesabu.

Mteja mwongo tunamjua. Mteja wa kweli anasema "pale kwa mama mwenye mwavuli mwekundu" na anaonyesha kwa mkono. Mwongo anasema "kule", na macho yanabaki kwenye begi. Wengi tunawaachia tu. Huyo dada kosa lake ni kwamba alimtaja mtu aliye karibu, na mtu mwenyewe ni mshirika. Sisi wauzaji tunaweza kudanganyana na mteja kutwa nzima bila neno. Kugombanishwa na jirani wa meza ni kitu kingine. Jirani ndiye anayekulindia mzigo ukienda kuswali, ndiye anayekukopesha chenji.

MamaWawili_Ipagala
@MezaNamba_Sina asante kaka. Umenigusa palepale.

Chuma_AreaC
Mbona hakuna anayewasema hao vijana? "Tulikubaliana tusishuke chini ya 22." Huko si ni kupanga bei? Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza. Mama amevunja njama kwa kauli moja tu.

Wakili_wa_Mtaani
Taratibu, Chuma. Sheria hiyo inakataza washindani kupanga bei. Hapa mleta mada amesema wamechanga mtaji na kuchukua mzigo mmoja. Hao ni washirika wenye meza mbili. Duka lenye milango miwili likiwa na bei moja huwezi kusema limefanya njama.

Chuma_AreaC
Kwa hiyo wanajifanya maduka mawili ili mteja akikataa huku aende kule, kumbe mfuko ni mmoja? Huo nao si uongo?

Wakili_wa_Mtaani
Hilo swali ni zuri, na sina jibu lake la kisheria.

Mtumishi_Mtumba
Mimi shida yangu ni nyingine. Nikitoka kazini Mji wa Serikali nikapitia sokoni na kitambulisho shingoni, nyanya za 1,000 zinakuwa 2,000. Nimejifunza kukivua ndani ya gari. Viatu vya ofisini nabadilisha, nina kandambili chini ya kiti. Je, na mimi ni mwongo?

Neema_Mpwapwa
Kuvua kitambulisho si uongo. Hakuna aliyekuuliza unafanya kazi wapi.

Ustadh_Changombe
Akiulizwa "bosi, uko wizara gani?" akajibu "mimi fundi ujenzi", hapo ameingia.

Mtumishi_Mtumba
Nimewahi kujibu hivyo, Ustadh. Mara mbili.

MgogoHalisi
Mbukwenyi! Dodoma bei ziliharibika serikali ilipohamia 2016. Kabla ya hapo hata mwalimu na mkulima walipewa bei moja.

Mwl_Historia
Rekebisho dogo. Mwaka 2016, mwezi Julai, ndipo Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali sasa inahamia. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa 1973, na hadhi ya jiji tumepata Aprili 2018. Watumishi hawakuja siku moja, na bei hazikupanda siku moja. Lakini ni kweli kwamba bei hupanda kwa msimu. Ikifika Aprili Bunge la bajeti likianza, mpaka mwisho wa Juni, vyumba na kuku vina bei yake. Mwenyeji anayejificha nyuma ya lugha ya nyumbani ili asipewe bei ya mgeni, mimi namwelewa.

MgogoHalisi
Ndiyo nilichotaka kusema. Nikifika kwa mama anayeuza mlenda na karanga nikasema "mbukwa", bei inashuka yenyewe, na nyongeza juu. Sasa nina rafiki yangu anatoka Bukoba, amejifunza salamu hiyo tu, neno lingine la Kigogo hajui. Anaitumia kila anapokwenda sokoni. Mama akiendelea kwa Kigogo, jamaa anajifanya simu inaita. Nilimwambia: hiyo salamu si kuponi.

Binti_Bukoba
Jamani na sisi tuliokuja tuna haki ya kula nyanya za 1,000. Tumekosa nini mpaka tulipe zaidi? Nikisalimu kwa lugha ya wenyeji ni heshima.

MgogoHalisi
Ni heshima ukisalimia hata siku ambayo hununui.

Kiza_Asubuhi
Mbinu yangu mimi ni muda. Nafika saa 1 asubuhi, meza ndiyo zinapangwa. Muuzaji anaamini mteja wa kwanza akiondoka mikono mitupu siku yote inaharibika. Nataja bei yangu, naanza kuondoka. Ananiita kabla sijafika hatua ya tano. Hapo sijasema uongo hata mmoja.

MezaNamba_Sina
Na mimi ni mmoja wa hao wanaokuita. Unajua ninachokifanya ukishaondoka? Naishika ile hela naigusisha kwenye bidhaa zote nikiomba Mungu, kwa sababu nimefungua siku kwa hasara. Umesema kweli, hujadanganya. Ila umekuja unajua ninachokiogopa, ukakishikia hapohapo.

Kiza_Asubuhi
Mkuu, sikuwahi kulitazama hivyo. Ila bado nitakuja asubuhi, maana mchana jua la Dodoma silimudu.

Zabibu_Hombolo
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Ngoja niseme la kwetu.

Sisi tunalima zabibu, na huku tunavuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu ikishakatwa haingoji. Begi la shule litakaa mezani mpaka Januari ijayo, zabibu kesho kutwa imeshalainika na nyuki wamejaa. Mnunuzi analijua hilo. Anafika asubuhi, anaonja, anataja bei ya chini, anakaa chini ya mti. Hagombani wala hadanganyi. Anasubiri tu. Saa 10 jioni anainuka na kutaja bei ya chini kuliko ile ya asubuhi, na unampa, kwa sababu ukimkatalia utabeba makreti kurudi nayo.

Mwaka mmoja walikuja watatu, kila mmoja na gari lake, wakajifanya hawajuani. Wa kwanza akataja bei ya chini. Wa pili chini zaidi. Wa tatu akataja sawa na wa kwanza na mimi nikamwona mkombozi. Jioni nikawakuta barabarani wanahamishiana makreti. Hiyo imenikaa moyoni kuliko njaa.

Kwa hiyo mnapojadili uongo na ukweli, tazameni pia nani ana haraka na nani hana. Mnunuzi anaweza asiseme uongo hata mmoja na bado akakumaliza.

MzeeWaMakole
Pole sana mwanangu. Hii ya makreti ni nzito.

Wakili_wa_Mtaani
@Chuma_AreaC, njama uliyokuwa unaitafuta ndiyo hii ya Zabibu_Hombolo. Wanunuzi washindani wakipatana bei kwa siri, lawama ni ileile ya wauzaji.

Daktari_wa_Vipimo
Naongezea. Kuna lumbesa. Mnunuzi anafika shambani anataka gunia lijazwe mpaka litoke kichwa, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura 340, inakataza, na Wakala wa Vipimo wanawakamata watu kila msimu, lakini bado ipo. Hata sado zetu za mjini mtu anakuja na yake iliyotanuliwa kwa moto. Kilo nne zinakuwa tano.

Mwl_Historia
Sado si kilo nne, mkuu. Ni ndoo ndogo ya rangi, ujazo wa lita nne. Maharage yana uzito wake, unga una wake. Kila mtu akisema "kilo nne" tunazidi kupotezana.

Daktari_wa_Vipimo
Kweli, nimekubali. Hoja ya kuitanua ibaki.

Dada_wa_Rafu
Mnasema sokoni tu, na supamaketi je? Nilifanya kazi moja hapa mjini miaka mitatu. Nimeona mambo. Mtu anabandua stika ya bei ya sufuria ndogo anaibandika kwenye kubwa. Mwingine anaficha mafuta nyuma ya pakiti za chumvi akisubiri yashushwe bei Ijumaa. Mwingine anafungua pampasi, anachukua mbili. Wanasema "hawa ni matajiri, hawatajua". Mwisho wa mwezi mali ikipungua tulikatwa sisi wa zamu. Mimi nimekatwa 22,000 kwa ajili ya sufuria ambayo sikuigusa.

Kiza_Asubuhi
Ya stika ni wizi, hakuna mjadala. Lakini kuchukua maziwa ya nyuma ya rafu yenye tarehe ndefu nako kuna kosa?

Dada_wa_Rafu
Hapana. Hiyo hata mimi nafanya. Ila usiyapindue yaliyo mbele.

Binti_Bukoba
Na kununua gauni, kulivaa kwenye send-off, Jumatatu kulirudisha na stika yake? Nauliza kwa niaba ya mtu.

Dada_wa_Rafu
Mwambie huyo mtu kwamba harufu ya pafyumu haitoki kwa siku mbili.

Chuma_AreaC
Lakini duka limebandika "mali ikishauzwa hairudishwi". Nao wanatubana!

Wakili_wa_Mtaani
Kibandiko hicho hakifuti kila kitu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, inaweka masharti kwamba bidhaa ifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji na iwe na ubora wa kuuzika. Pasi ikiwa mbovu, unarudi nayo. Ila gauni zima lililokwisha cheza muziki usiku kucha haliko humo.

Fundi_Nkuhungu
Mimi nauliza kuhusu picha. Tangu SGR ifike Dodoma mwaka 2024, wengi tunaingia duka la hapa, tunajaribu kiatu, tunajua namba yetu, tunapiga picha, halafu tunamtumia winga (dalali) wa Kariakoo atafute. Mwenye duka la hapa ametuhudumia nusu saa, amepanda ngazi kushusha maboksi saba.

MezaNamba_Sina
Afadhali yule wa 18,000.

Mtumishi_Mtumba
Na kuna wale wa risiti. Unaambiwa "bila risiti 100,000, na risiti 118,000", na mnunuzi anachagua bila risiti na kujiona mjanja. Mimi mwenyewe mshahara wangu unatoka kwenye hiyo kodi ya 18,000, na bado nimewahi kukubali. Hiyo kwangu ni mbaya kuliko kitambulisho. Hapo mnunuzi na muuzaji wanapatana vizuri kabisa, anayeibiwa hayupo mezani.

Neema_Mpwapwa
Kama wa kona. Naye hakuwepo kwenye mazungumzo.

MzeeWaMakole
Neema umesema jambo. Nabadili kidogo msimamo wangu. Uongo wa wawili waliokaa kwenye bao nautetea mpaka leo. Wa kumtaja asiyecheza siutetei tena.

Ustadh_Changombe
Mzee karibu, umefika nusu ya njia.

MzeeWaMakole
Nusu nyingine usiningoje.

Mama_Chamwino
Mimi naona wote mmeruka jambo. Mwaka 2018 vilipotolewa vitambulisho vya machinga vya 20,000, vilikuwa vya wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365. Ni karibu 11,000 kwa siku, na hayo ni mauzo, faida bado. Kwa mtu wa namna hiyo 7,000 uliyomshusha kutoka 25 hadi 18 si ndogo. Halafu sisi haohao tunaingia supamaketi, tunalipa bei ya kwenye stika bila kufungua mdomo, na tukitoka nje tunabishana na bibi wa ubuyu kwa 200. Mimi nimejiwekea utaratibu: anayeuza vitu vyake chini kwenye kiroba sipatani naye. Akiniambia 500 natoa 500.

MezaNamba_Sina
Mama nakushukuru, ila na mimi niseme. Usipopatana kabisa tunakushangaa. Kuna mteja alitoa 30,000 bila neno, siku nzima nikajilaumu kwamba ningetaja 35. Kupatana kunanisaidia na mimi kujua mtu ana nini. Ukija kwa kunihurumia, napandisha.

Mama_Chamwino
Basi unaniharibia utaratibu wangu.

Fundi_Nkuhungu
Dawa ni kuandika bei. Kila meza ibandike bei, maneno yaishe.

MgogoHalisi
Na salamu zitaisha. Sokoni tutaingia kama tunaingia benki.

MamaWawili_Ipagala
Wakuu nimerudi. Jumamosi hii nilikwenda tena, nimebeba 7,000 kwenye bahasha, na mtoto tulikuwa naye. Nilimkuta kijana. Nikamwambia ukweli wote: sikumuuliza mwenzako, nilidanganya. Hakuchukua hela. Alisema begi alilipata kwa 14,000, faida aliipata. Alisema, "Mama, mimi wewe nilikujua palepale. Nilipomwita mwenzangu nilitaka nikuumbue wewe. Ila alivyoapa kwa haraka vile, nikaanza kumfikiria vingine."

Meza ya kona yupo mtu mwingine, anauza mikanda. Nikamuuliza kijana. Akasema mwenzake amehamia Kibaigwa na nusu ya mzigo. Nikamuuliza kama ni kwa sababu yangu. Akanyamaza, akampa mwanangu kamba ya funguo, akahudumia mteja mwingine.

Chuma_AreaC
Si kwa sababu yako. Watu waliochanga mtaji wana yao ya zamani. Wewe ulikuwa njiti tu, petroli walikuwa nayo.

MezaNamba_Sina
Sikubaliani. Nimekaa na jirani yangu miaka minne, tuna ya zamani mengi, na bado tunakula sahani moja. Neno la mteja likiingia katikati wakati mauzo ni mabaya, linavunja.

Zabibu_Hombolo
Pengine Kibaigwa kuna biashara tu. Msimu wa mahindi wenye hela wako kule.

Ustadh_Changombe
Dada, uliyemkosea zaidi bado hujamwona.

MamaWawili_Ipagala
Najua, Ustadh. Ndilo linaloniweka macho. Hata jina lake silijui, na kijana sikuthubutu kumuuliza.

Dereva_Fuso
Habari za humu. Mimi napakia mahindi Kibaigwa kila wiki, Jumatano nitakuwepo. Wauza mabegi pale si wengi. Jamaa yukoje?

MamaWawili_Ipagala
Mrefu, mwembamba, alikuwa na kofia ya kijani, na anaongea kwa kasi. Mabegi yake ni ya zipu tatu, bluu na nyekundu. Mwambie mama wa begi la bluu anasema hukuongea naye, na anaomba kujua meza yako iko upande gani.

Dereva_Fuso
Sawa. Nitaleta majibu hapahapa.